Bei ya hisa haisemi yote: uwiano wa bei na faida usomwe kwa miaka, si kwa siku moja

ARUSHA

Kwa miaka mingi mkutano mkuu wa wanahisa wa Benki ya CRDB umekuwa ukifanyika mwezi Mei katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, AICC. Katika siku hizo mji hupokea wageni wa aina yake. Wamo wastaafu, walimu, wafanyabiashara wa Soko Kuu na Kilombero, na wakulima wa kahawa na wafugaji wanaoteremka kutoka Poli, Akheri na Usa River wakiwa na vitambulisho vya uanahisa mfukoni.

Swali linalotawala mazungumzo yao nje ya ukumbi ni la zamani. Bei ya hisa imepanda. Je, sasa ni ghali, iuzwe? Au bado ni rahisi, inunuliwe nyingine?

Wengi hulijibu kwa kuangalia bei peke yake. Aliyenunua kwa shilingi 150 akiona shilingi 670 huamua kuwa hisa imefika mwisho. Aliyenunua kwa 350 akiona 95 huamua kuwa kampuni imekufa. Majibu yote mawili yamewagharimu watu fedha nyingi, kwa sababu bei ikiwa peke yake haionyeshi kama kitu ni ghali au rahisi. Inahitaji kuwekwa pembeni ya kile ambacho kampuni inazalisha.

Kipimo kinachofanya kazi hiyo ni uwiano wa bei na faida. Kukikokotoa ni rahisi, lakini kukisoma kunataka uangalifu, hasa pale kinapofuatiliwa mwaka hata mwaka.

Ng'ombe na maziwa yake

Tuseme mfugaji wa Tengeru anauza ng'ombe wa kisasa kwa shilingi 2,400,000. Baada ya kutoa gharama za majani, pumba, dawa na mchungaji, ng'ombe huyo humwachia mwenyewe shilingi 600,000 kwa mwaka. Gawanya bei kwa faida hiyo, jibu ni 4. Maana yake mnunuzi anatoa faida ya miaka 4 kumpata ng'ombe huyo.

Hisa hupimwa vivyo hivyo. Chukua faida ya kampuni baada ya kodi, igawanye kwa idadi ya hisa zote, upate faida kwa kila hisa. Kisha chukua bei ya hisa sokoni uigawanye kwa faida hiyo. Jibu likiwa 8, mnunuzi analipa shilingi 8 kwa kila shilingi moja ya faida ya mwaka.

Hapa wengi huweka kanuni ya haraka kwamba uwiano mdogo ni hisa rahisi na uwiano mkubwa ni hisa ghali. Kanuni hiyo hushindwa mara tu mambo yanapobadilika. Tuseme mwaka unaofuata mvua zinakosekana, majani yanapanda bei, na ng'ombe yule anamwachia mwenyewe shilingi 200,000 tu. Sokoni bei yake inashuka hadi 2,000,000. Uwiano sasa ni 10. Kwa mujibu wa kanuni ya haraka, ng'ombe amekuwa ghali zaidi, ilhali bei yake imeshuka na mnunuzi mwenye majani ghalani anampata kwa nafuu.

Kilichopandisha uwiano ni kushuka kwa faida. Bei nayo ilishuka, ila kidogo. Ndiyo maana mtu anayeona uwiano umepanda au umeshuka sharti aulize kwanza kama kilichosogea ni bei au ni faida.

Miaka minane ya CRDB

Benki ya CRDB inafaa kwa somo hili kwa sababu wanahisa wake wadogo ni wengi na hesabu zake huchapishwa. Benki hiyo ilianza kwa sura yake ya sasa mwaka 1996, baada ya iliyokuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini kubinafsishwa. Mwaka 2009 iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 150 na ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Juni. Mwaka 2015 iliwapa wanahisa haki ya kununua hisa 1 mpya kwa kila hisa 5 walizokuwa nazo, kwa shilingi 350 kila moja. Baada ya hapo idadi ya hisa ikawa takriban bilioni 2.61.

Mwaka huo wa 2015 faida baada ya kodi ilikuwa karibu shilingi bilioni 129. Kwa idadi mpya ya hisa, hiyo ni shilingi 49 hivi kwa hisa. Aliyelipa 350 alinunua kwa uwiano wa karibu 7. Ulionekana kuwa uwiano wa kiasi, usio na uchu.

Kisha faida ikaporomoka. Mwaka 2016 ilikuwa karibu bilioni 74, na mwaka 2017 karibu bilioni 36. Hicho kilikuwa kipindi kigumu kwa mabenki ya Tanzania kwa jumla. Mikopo chechefu katika sekta nzima ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote, wakati kiwango ambacho Benki Kuu inakitaka hakizidi asilimia 5. Benki zililazimika kutenga fedha nyingi kufidia mikopo isiyolipika, na fedha hizo hutoka katika faida.

Jedwali lifuatalo linaonyesha bei ya hisa ya CRDB mwishoni mwa mwaka, faida kwa kila hisa katika mwaka huo, na uwiano wa viwili hivyo. Tarakimu zimekadiriwa kwa karibu.

2017: bei 160, faida kwa hisa 13.8, uwiano 11.6
2018: bei 150, faida kwa hisa 24.5, uwiano 6.1
2019: bei 95, faida kwa hisa 46, uwiano 2.1
2020: bei 195, faida kwa hisa 63, uwiano 3.1
2021: bei 280, faida kwa hisa 103, uwiano 2.7
2022: bei 380, faida kwa hisa 134, uwiano 2.8
2023: bei 460, faida kwa hisa 162, uwiano 2.8
2024: bei 670, faida kwa hisa 211, uwiano 3.2

Mstari wa kwanza ndio wenye funzo kubwa. Mwisho wa 2017 uwiano ulikuwa 11.6, mkubwa kuliko wakati wowote katika orodha hii. Mwenye kufuata kanuni ya haraka angesema soko linaipenda sana benki hiyo. Kinyume chake, soko lilikuwa limekata tamaa. Bei ilikuwa imekwisha kushuka hadi chini ya nusu ya ile 350 ya mwaka 2015. Uwiano ulikuwa mkubwa kwa sababu faida ilikuwa imeshuka zaidi ya bei.

Kuanzia 2017 hadi 2019 likatokea jambo ambalo liliwashangaza wengi. Faida kwa hisa iliongezeka zaidi ya mara 3, lakini bei ikashuka kwa asilimia 41. Benki ilikuwa imeanza kupona, uongozi ulikuwa umebadilika mwaka 2018 pale Dk. Charles Kimei alipomaliza muda wake na nafasi yake kuchukuliwa na Abdulmajid Nsekela, lakini wanunuzi hawakuwapo. Waliokwisha umia hawakuamini kuwa faida ile ingedumu.

Kilichopandisha bei

Toka mwisho wa 2019 hadi mwisho wa 2024 bei ilitoka 95 ikafika 670, yaani mara 7. Mwenye hisa ana haki ya kujua kupanda huko kumetoka wapi, kwa sababu jibu ndilo linaloeleza kama kuna msingi chini yake.

Katika muda huo faida kwa hisa ilitoka 46 ikafika 211, ambayo ni mara 4.6. Uwiano nao ulitoka 2.1 ukafika 3.2, yaani mara 1.5 hivi. Zidisha mara 4.6 kwa 1.5, jibu ni kama 7. Sehemu kubwa ya kupanda kwa bei imetokana na faida kukua. Sehemu ndogo imetokana na soko kukubali kulipa zaidi kwa kila shilingi ya faida.

Mgawanyo huo una maana kwa anayetaka kuuza. Hisa iliyopanda mara 7 huku faida ikiwa palepale imepandishwa na matumaini, na matumaini huweza kuondoka kwa wiki moja. Hisa iliyopanda mara 7 huku faida ikikua mara 4.6 ina mizizi, ingawa mizizi hiyo nayo hukauka kama mikopo ikiharibika tena.

Tuseme mfanyabiashara wa Kilombero alinunua hisa 10,000 mwaka 2009 kwa shilingi 1,500,000. Mwisho wa 2018, baada ya zaidi ya miaka 9, thamani yake sokoni ilikuwa bado shilingi 1,500,000. Mwisho wa 2019 ilikuwa 950,000. Kama aliuza hapo ili kuongeza mtaji wa duka, alipoteza shilingi 550,000 ya bei aliyonunulia, ukiondoa gawio alilokwisha pata.

Kama hakuuza, gawio la miaka ya 2019 hadi 2024 lilikuwa shilingi 17, 22, 36, 45, 50 na 65 kwa hisa. Jumla ni 235 kwa hisa, sawa na shilingi 2,350,000 kwa hisa zake zote kabla ya kodi ya zuio ya asilimia 5. Gawio peke yake lilizidi mara mbili thamani ya hisa zote siku ile ya mwisho wa 2019. Hisa zenyewe mwisho wa 2024 zilikuwa na thamani ya shilingi 6,700,000.

Si kwamba mfanyabiashara huyo angeweza kuyajua yote hayo. Lakini mwisho wa 2019 alikuwa na uwezo wa kuona kitu kimoja: bei ilikuwa inashuka huku faida ikipanda. Bei peke yake haikumwonyesha hilo. Uwiano ungemwonyesha.

Mwaka wa kahawa

Mkulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Meru anajua kuwa mti wa arabika hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja matawi hulemewa na buni, mwaka unaofuata mti hupumzika. Hakuna mkulima mwenye akili zake anayepima thamani ya shamba kwa mavuno ya mwaka mmoja tu.

Wataalamu wa hisa walilifikia wazo hilo zamani. Benjamin Graham na David Dodd wa Marekani, katika kitabu chao cha mwaka 1934, walishauri faida ichukuliwe kwa wastani wa miaka kadhaa. Baadaye John Campbell na Robert Shiller waliliendeleza wazo hilo kwa kutumia wastani wa miaka 10 baada ya kuondoa athari za mfumuko wa bei. Shiller alikuwa miongoni mwa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013.

Likitumika kwa CRDB bila kurekebisha mfumuko wa bei, wazo hilo linageuza picha. Wastani wa faida ya miaka 3 ya 2015 hadi 2017 ni karibu bilioni 80, au shilingi 30.5 kwa hisa. Kwa bei ya 160, uwiano ni 5.2 badala ya 11.6. Hisa iliyoonekana ghali kwa kipimo cha mwaka mmoja ilikuwa rahisi kwa kipimo cha wastani.

Upande wa pili, wastani wa faida ya miaka 10 kutoka 2015 hadi 2024 ni karibu bilioni 218, au shilingi 83.5 kwa hisa. Kwa bei ya 670, uwiano ni 8 badala ya 3.2. Anayesema hisa hiyo ilikuwa ya bure mwisho wa 2024 anachukulia kuwa miaka mizuri itaendelea bila mwaka mbaya kati yake. Anayetumia wastani anajiwekea akiba ya tahadhari.

Hakuna kati ya vipimo hivi viwili kilicho cha uongo. Cha mwaka mmoja kinaonyesha mavuno ya sasa na cha wastani kinaonyesha tabia ya shamba. Benki iliyobadilika kweli haitarudi kwenye wastani wake wa zamani, na kwa benki hiyo kipimo cha wastani kitakuwa kikali mno. Iliyopanda kwa bahati ya mwaka itarudi. Kazi ya mwekezaji ni kuamua ipi ni ipi, na hapo inabidi asome taarifa ya mikopo chechefu na gharama, si uwiano peke yake.

Jirani yake ni hati fungani

Wageni husoma kuwa hisa katika masoko makubwa huuzwa kwa uwiano wa 15 au 20 na kushangaa kuona benki ya Tanzania iliuzwa kwa karibu 3 mwisho wa 2024. Sehemu ya jibu iko katika hati fungani za serikali.

Hadi mapema mwaka 2022 hati fungani ya miaka 20 ilikuwa na riba ya asilimia 15.49 kwa mwaka. Mwenye kuweka shilingi 100 alipata 15.49. Gawanya 100 kwa 15.49, jibu ni 6.5. Kwa lugha ya hisa, serikali ilikuwa ikiuza shilingi moja ya mapato kwa shilingi 6.5, na riba hiyo haitozwi kodi. Mwezi Aprili 2022 riba ya hati fungani mpya za miaka 20 iliteremshwa hadi asilimia 12.10. Bei ya shilingi moja ya mapato ikapanda hadi shilingi 8.3 hivi.

Mwekezaji mwenye njia hiyo salama hawezi kulipa mara 20 kwa hisa bila sababu nzito. Na riba ya serikali inaposhuka, hisa zilizoonekana za kawaida huanza kuonekana za kuvutia hata kama kampuni haijabadilika. Kwa hiyo anayelinganisha uwiano wa mwaka 2019 na wa mwaka 2024 akumbuke kuwa jirani naye amebadilika.

Lakini kuna jambo la pili. Riba ya hati fungani humfikia mwenyewe yote, wakati faida ya kampuni haimfikii yote. Mwaka 2024 CRDB ilipata shilingi 211 kwa hisa na kutoa gawio la 65, chini kidogo ya theluthi. Zilizobaki zilibaki ndani ya benki kukuza mtaji. Kwa bei ya 670, gawio lilikuwa asilimia 9.7, na baada ya kodi ya zuio ni asilimia 9.2. Hiyo ni chini ya riba ya hati fungani.

Kwa hesabu hiyo mnunuzi wa mwisho wa 2024 alikubali kupokea kidogo mkononi kwa matumaini kwamba theluthi mbili zinazobaki zitazaa. Mnunuzi wa mwisho wa 2019 hakuhitaji matumaini mengi. Gawio la 17 lililofuata lilikuwa karibu asilimia 18 ya bei ya 95, zaidi ya riba ya serikali ya wakati ule. Uwiano wa 2.1 na wa 3.2 unaonekana kukaribiana, lakini ahadi zilizokuwa nyuma yake zilikuwa tofauti.

Somo la Nairobi

Wafanyabiashara wa Arusha wanaopita Namanga hufuatilia pia soko la Nairobi, na huko kuna mfano wa upande wa pili. Safaricom iliuza hisa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Agosti 2021 hisa hiyo ilifika karibu shilingi 45. Faida kwa hisa katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 ilikuwa shilingi 1.71. Uwiano ulikuwa kama 26.

Mwisho wa 2023 hisa hiyo iliuzwa kwa karibu shilingi 14, na faida kwa hisa ya mwaka ulioishia Machi 2023 ilikuwa kama 1.55. Uwiano ulikuwa 9. Faida ilishuka kwa asilimia 9 hivi, lakini bei ilishuka kwa asilimia 69. Karibu hasara yote ya mnunuzi wa kileleni ilitokana na soko kukataa kuendelea kulipa mara 26.

Safaricom haikufilisika wala haikupoteza wateja wake. Aliyenunua kileleni alinunua kampuni nzuri kwa bei iliyohitaji kila kitu kiende sawa. Uwiano mkubwa humwachia mnunuzi nafasi ndogo ya kukosea.

Pale uwiano unaponyamaza

Kuna kampuni ambazo kipimo hiki hakisemi chochote juu yake. Precision Air, shirika lililoanzia hapa Arusha mwaka 1993 likiwa na ndege za kukodi, liliuza hisa kwa umma mwishoni mwa 2011 kwa shilingi 475. Miaka mingi iliyofuata ilikuwa ya hasara. Kampuni ikiwa na hasara hakuna faida ya kugawanyia bei, hivyo hakuna uwiano. Vodacom Tanzania, iliyouza hisa kwa shilingi 850 mwaka 2017, nayo ilipita hapo ilipotangaza hasara ya mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021. Katika hali hiyo mwekezaji aangalie madeni, fedha taslimu na muda ambao kampuni inaweza kuhimili.

Kuna pia hisa ambazo bei yake imelala. Kampuni ya Bia Tanzania, TBL, yenye kiwanda chake kimoja hapa Arusha, ni miongoni mwa za kwanza kuorodheshwa Dar es Salaam mwaka 1998, mwaka ambao soko hilo lilianza biashara kwa hisa za TOL. Baada ya 2019 bei ya TBL ilikaa kwa muda mrefu kwenye shilingi 10,900 bila kusogea. Faida ya kampuni ilibadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo uwiano ulibadilika. Lakini bei iliyotumika katika hesabu hiyo haikuwa bei ambayo wauzaji na wanunuzi wengi walikuwa wamekubaliana wiki hiyo. Kabla ya kuamini uwiano wowote, mwekezaji aulize hisa ngapi zimeuzwa kwa bei hiyo.

Makosa ya kukokotoa

Kosa la kwanza ni la tarehe. Jedwali la juu linaweka bei ya Desemba 2019 pamoja na faida ya mwaka 2019. Lakini mtu aliyekuwa sokoni Desemba 2019 hakuwa na faida ya mwaka mzima mkononi, kwa kuwa hesabu za mwaka hutangazwa miezi inayofuata. Kwa faida ya mwaka 2018, uwiano aliouona ulikuwa 3.9. Anayejipima kwa uamuzi wa zamani atumie tarakimu zilizokuwapo siku ile.

Kosa la pili ni kuzidisha. Wapo wanaochukua faida ya robo ya kwanza na kuizidisha kwa 4. Kwa hoteli za watalii au wauza kahawa, ambao msimu ndio kila kitu, hesabu hiyo ni ya kujidanganya. Njia salama ni kujumlisha robo 4 za mwisho zilizotangazwa.

Kosa la tatu ni idadi ya hisa. Kampuni ikitoa hisa mpya, kama CRDB ilivyofanya mwaka 2015, faida hugawanywa kwa watu wengi zaidi. Faida kwa hisa za miaka ya nyuma lazima irekebishwe, vinginevyo mlinganisho utakuwa kati ya vitu viwili tofauti.

Kosa la nne ni faida isiyojirudia. Kampuni ikiuza jengo au kiwanja, faida ya mwaka huo huvimba na uwiano huonekana mdogo. Mwaka unaofuata jengo halipo la kuuza tena. Faida ya namna hiyo iondolewe kabla ya kugawanya.

Kabla ya kwenda kwa dalali

Mwenye hisa aliye Arusha hahitaji mashine kubwa kufanya kazi hii. Karatasi moja yenye safu 5 inatosha: mwaka, bei ya mwisho wa mwaka, faida kwa hisa, uwiano, na gawio. Taarifa za fedha za kampuni zilizoorodheshwa hutangazwa magazetini, na bei hutolewa na soko kila siku ya kazi. Miaka 8 au 10 ikikwisha kujazwa, mambo yafuatayo yaangaliwe kwa mpangilio.

Kwanza, uwiano wa sasa uko wapi ukilinganishwa na ule wa kampuni hiyohiyo miaka ya nyuma. Pili, kama umesogea, ni kwa sababu ya bei au ya faida. Tatu, uwiano ukoje kwa wastani wa faida ya miaka kadhaa. Nne, gawio baada ya kodi linafika wapi mbele ya riba ya hati fungani. Tano, kampuni nyingine za kazi hiyohiyo zinauzwa kwa uwiano gani. Benki ilinganishwe na benki, saruji na saruji.

Mwenye kukamilisha karatasi hiyo anaweza bado kukosea. Lakini akiuza atajua anauza faida ya miaka mingapi, na akinunua atajua analipia nini. Aliyeuza kwa 95 mwaka 2019 kwa sababu ya ada ya shule alikuwa na sababu yake. Mwenye sababu ya kujilaumu ni yule aliyeuza kwa kuwa tu bei ilikuwa inashuka, bila kutazama faida iliyokuwa ikipanda kwenye ukurasa huohuo wa gazeti.